Linalia, Linavuma au Linanguruma?

Julai ya mwaka juzi, askari wa geti letu hapa Buruburu alikuwa akifungua geti kabla sijapiga honi. Aliisikia Noah yetu tangu inapokunja kona kwenye duka la dawa. Jioni moja aliinama dirishani akaniambia kwa upole, "Mama Zawadi, gari lako linaomba fundi." Sikuwa na jibu. Fundi nilishamwendea, na si mmoja. Nilikuwa nimepitia gereji tatu, shilingi 12,500 zimetoka, na gari linanguruma kuliko lilivyoanza.

Gari lenyewe ni Toyota Noah ya mwaka 2004. Liliingia Kenya mwaka 2011, likiwa bado halijapita ile miaka 8 ambayo sheria yetu inaruhusu kwa magari ya mtumba. Limewabeba wanangu watatu shuleni, limewabeba watoto wa jirani, limeleta viazi kutoka Kinangop na limempeleka marehemu mama yangu hospitali usiku wa manane zaidi ya mara moja. Siwezi kulizungumzia kama chuma tu. Wakati ule lilikuwa limetembea kilomita 212,000, na sikuwa na pesa za kununua jingine.

Kabla sijaeleza nilivyopotea njia, nieleze kwanza kilichoko pale, maana mimi mwenyewe sikukijua na kutokujua huko ndiko kulikonigharimu. Upande wa kulia wa injini, ukivua gurudumu la mbele la upande wa dereva na ile plastiki ya kuzuia matope, utaona mkanda mmoja mrefu wenye mifereji upande wa ndani. Mafundi wengi wa Nairobi bado wanauita fenibelti, ingawa feni za rejeta ya gari hili zinazungushwa na umeme na mkanda hauzigusi kabisa. Mkanda unavutwa na puli ya krankshafti, yaani gurudumu dogo kwenye mhimili mkuu wa injini, nao unazungusha alternata inayochaji betri, pampu ya maji ya kupoza injini, pampu ya mafuta ya usukani na kompresa ya AC. Halafu zipo puli mbili ambazo hazitengenezi chochote. Moja ni ya tenshena, inayokaza mkanda yenyewe. Nyingine ni aidla, ambayo kazi yake ni kuuelekeza mkanda upite panapotakiwa, basi. Kwa kuwa haichaji, haipozi wala haisukumi kitu, hakuna anayeikumbuka. Gari linaweza kufikisha miaka 20 bila mwenyewe kulisikia jina hilo.

Kila moja ya puli hizo imekaa juu ya beringi, ile pete yenye mipira midogo ya chuma ndani inayoiwezesha kuzunguka, na beringi yoyote inaweza kuchoka. Zote ziko sehemu moja finyu, zimefungwa kwenye chuma kile kile, na chuma hupitisha sauti. Hapo ndipo penye ugumu wote wa jambo hili.

Gereji ya kwanza nilifika nikasema, "Fundi, gari linapiga kelele." Hayo ndiyo yaliyokuwa maelezo yangu yote. Akafungua boneti, akasikiliza kama nusu dakika, akaweka kiganja karibu na alternata, akasema, "Hii ni alternata, madam. Beringi zake zimekwisha." Nikamwamini. Hakuwa mtu mbaya, na nitamrudia baadaye. Alternata ya mtumba kutoka Japani ilipatikana kwa shilingi 9,500, kazi ikawa 1,500. Kabla ya kurudisha mkanda alichukua kopo la mafuta ya kupuliza, yale ya kulegeza nati zenye kutu, akazipulizia puli zote "ili ziteleze." Nikawasha gari. Kimya. Nilirudi nyumbani kupitia Jogoo Road nikiwa nimezima redio kwa makusudi ili niusikilize ule ukimya.

Ulidumu siku tatu. Siku ya nne mngurumo ulirudi, na asubuhi ukazuka mlio mpya ambao haukuwepo kabla, ukemi mkali wa sekunde chache ninapowasha gari. Jirani akanielekeza kwa fundi wa pili, karibu zaidi. Huyo alichukua kipande cha sabuni ya mche akakikandamiza kwenye mkanda injini ikiwa inazunguka. Shilingi 500. Ukemi ulikoma mpaka kesho yake. Wa tatu alisikiliza kwa makini kuliko wenzake, akatoza shilingi 1,000 za ukaguzi, akasema ni cheni ya taimingi, na kwamba injini ifunguliwe upande mzima. Alitaja shilingi 45,000. Nilimwambia nitarudi, nikaondoka nikiwa na donge kooni.

Usiku huo nilimweleza Baba.

Baba anaishi nasi tangu Mama afariki. Alikuwa fundi katika karakana ya reli kwa miaka mingi, tukikaa Makongeni, na watu wa karakana wana namna yao ya kuongea juu ya mashine. Sikio lake la kushoto lilitoboka ngoma akiwa mtoto kwa ugonjwa wa masikio, na la kulia nalo limepungua nguvu. Tukiongea naye tunaongea polepole, tumemkabili usoni. Kwa hiyo tangu gari lianze kusumbua sikuwa nimemshirikisha. Nilijiambia kwamba jambo la kusikia nisimtwishe mtu asiyesikia vizuri. Lilikuwa kosa kubwa, na nilimwomba radhi kwa hilo.

"Gari lina nini?" akaniuliza.

"Linapiga kelele, Baba."

"Kelele ni za watoto. Gari linalia, linavuma, linanguruma au linakwaruza?"

Nilinyamaza. Nimesoma Kiswahili mpaka chuo, maneno hayo yote nayajua tangu utoto, na sikuweza kujibu. Akaniambia nichukue daftari la mmoja wa watoto, nikae na gari asubuhi tatu, kila ninachosikia nikiandike kwa jina lake na saa yake. Nisiguse kitu wala nisinunue kitu.

Asubuhi za Julai Nairobi ni za baridi, na betri iliyolala nje ikishawasha injini hudai chaji nyingi kwa dakika ya kwanza. Alternata ikidaiwa chaji inakuwa nzito kuzunguka, na mkanda usioshika vizuri unateleza juu ya puli yake. Hapo ndipo mkanda unapopiga ukemi. Nilipoanza kuandika, niliona kwamba ukemi wangu ulikuja kila asubuhi kwa sekunde kama 20, ukaisha. Ulirudi nilipokata usukani mpaka mwisho, kwa sababu pampu ya usukani nayo hapo huwa nzito. Ulirudi tena nilipowasha taa kubwa, AC na kiyeyusha ukungu cha kioo cha nyuma kwa pamoja. Kwa maneno mengine, ulifuata mzigo.

Mngurumo haukufuata mzigo hata kidogo. Ulikuwepo baridi na joto, AC imewashwa au imezimwa, usukani umekatwa au umenyooka. Ulipanda na kushuka na mzunguko wa injini tu. Gari likiwa limesimama nikikanyaga mafuta taratibu, ulipanda nao kama jiwe la kusagia linaloongezewa kasi.

Kulikuwa na sauti ya tatu, ambayo singeijua kama nisingelazimika kukaa kimya na daftari mapajani. Mvumo mwembamba, chini ya mngurumo, wenye kayumbo kidogo ndani yake, uuu-uu-uuu.

Nilimsomea Baba maandishi hayo Jumamosi, mezani, kwa sauti ya juu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi una magonjwa matatu, na ulikuwa unatibu moja ambalo huna."

Tulifungua boneti saa tatu asubuhi. Aliniamuru nivue mtandio na bangili, nikunje mikono ya blauzi, na akamkataza mtoto yeyote kusogea. Mkanda unaozunguka hauoni nguo wala vidole, na feni za umeme zinaweza kujiwasha hata mtu akidhani zimelala. Kisha akaitisha bisibisi yetu ndefu kuliko zote, yenye mpini wa mbao. Injini ikiwa inazunguka taratibu, aliweka ncha kwenye mwili wa alternata, mahali pasipozunguka, na mpini akaukandamiza kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio lake la kushoto. Sikio lile lile lililotoboka.

Sikuelewa mara moja nilichokuwa nakiona. Sauti ya hewani inahitaji ngoma ya sikio ili ipite, na yake imeharibika. Sauti inayopanda kwenye chuma na mbao ikaingia mfupani inaifikia sehemu ya ndani ya sikio moja kwa moja, ngoma ikiwa haina kazi tena. Baba alifumba macho. Akahamisha ncha kwenye kompresa, kwenye pampu ya usukani, kwenye boliti ya aidla, karibu na pampu ya maji. Alipofika kwenye boliti ya aidla alirudisha kichwa nyuma kwa haraka kama aliyepigwa.

"Hapa panasaga," akasema. Akanipa bisibisi.

Nilisikiliza alternata kwanza. Ule mngurumo ulikuwepo, lakini kama mtu anayeongea chumba cha pili. Nikaweka kwenye boliti ya aidla na mngurumo ukanijaa kichwani, changarawe tupu. Hazikupishana hata futi mbili, na zote zimeshikwa na injini ile ile. Nilielewa fundi wa kwanza alivyokosea. Alisikia kwa sikio la hewani, mahali ambapo sauti zote zimechanganyika, na akachagua kifaa kikubwa kinachojulikana kuharibika.

Kuna jambo jingine ambalo Baba alinieleza nikiwa bado nimeshika bisibisi. Puli ya alternata ni ndogo kuliko ya krankshafti, kwa hiyo inazunguka mara mbili hadi tatu ya kasi ya injini. Beringi yake ikichoka, sauti huwa nyembamba na ya juu. Mngurumo mzito wa chini unapaswa kumfanya mtu aitilie shaka alternata tangu mwanzo. Sisemi ni kanuni isiyovunjika. Ila ni swali ambalo lingeweza kuulizwa kabla ya kutoa 9,500.

Ukemi tuliupima kwa maji. Chupa ya kunyunyizia nguo wakati wa kupiga pasi, maji kidogo upande wa mifereji, injini ikizunguka. Mlio wa mkanda ukipotea kwa muda mfupi halafu ukarudi, mara nyingi puli hazikai kwenye mstari mmoja. Ukizidi pale pale, mkanda unateleza, yaani hauna mshiko au mkazo hautoshi. Wetu ulizidi. Tulipozima injini na kuutazama vizuri, mifereji ilikuwa inang'aa kama kiatu kilichopigwa rangi, imejaa utelezi wa mafuta ya kopo na mabaki ya sabuni yaliyoshika vumbi. Ukemi ule tuliutengeneza sisi wenyewe, mimi na mafundi wangu. Naomba mtu yeyote anayesoma haya asikubali mkanda wa gari lake upakwe sabuni, mshumaa au mafuta. Kama unateleza, tafuta kinachoutelezesha.

Na mafuta yale ya kopo yalifanya uharibifu mwingine usioonekana. Beringi ya aidla imefungwa na grisi yake ndani, haikusudiwi kuongezewa chochote. Mafuta mepesi yakipenya yanaituliza kwa siku mbili tatu, ndiyo zile siku zangu tatu za ukimya, huku yakiiyeyusha grisi iliyobaki na kuitoa nje. Baada ya hapo mipira ya chuma inasagana mikavu.

Kisha tukaja kwenye kipimo ambacho nakiona ndicho kikubwa kuliko vyote. Nilipiga picha ya mkanda kwa simu kutoka pembe tatu ili nijue unavyopita, Baba akailegeza tenshena kwa spana ndefu, tukautoa mkanda wote. Nikawasha injini. Taa ya betri iliwaka, jambo la kawaida, maana alternata ilikuwa imesimama. Pampu ya maji nayo ilikuwa imesimama, kwa hiyo hatukuiacha injini izunguke zaidi ya nusu dakika. Nusu dakika ilitosha. Mngurumo haukuwepo, mvumo haukuwepo, ukemi haukuwepo. Injini ilinong'ona tu kama ilivyokuwa ikinong'ona mwaka 2011. Cheni ya taimingi iko ndani ya injini na inazunguka hata mkanda wa nje ukiwa mezani. Kama ugonjwa ungekuwa wa cheni, tungeendelea kuusikia. Shilingi 45,000 zilibaki mfukoni kwa sababu ya nusu dakika ile, na nilikaa kwenye ngazi ya mlango wa gari nikalia kidogo. Ada ya muhula wa tatu ilikuwa bado.

Puli zikiwa huru, tulizizungusha moja moja kwa mkono. Hapa pia nilikuwa na dhana potofu. Nilidhani puli nzima ni ile inayozunguka kwa muda mrefu bila kusimama. Beringi iliyofungwa yenye grisi ya kutosha huzunguka kwa ulaini na husimama mapema, kwa sababu grisi inaizuia kidogo. Aidla yetu niliipiga kwa kidole ikazunguka kama pia ya mtoto, ikilia kwa ukavu, chrrrrr, na haikutaka kusimama. Tenshena ilikuwa salama. Kompresa salama. Alternata ya mtumba niliyoinunua ilikuwa salama, na naamini ile ya zamani nayo ilikuwa salama.

Puli ya pampu ya maji niliishika kwa vidole viwili juu na chini nikaitikisa. Ilicheza. Kidogo sana, kama jino la mtoto linaloanza kulegea, lakini ilicheza. Baba akaniambia nipitishe tochi chini yake. Pampu ya maji ina kitundu kidogo ambacho waliitengeneza nacho makusudi. Sili ya ndani ikianza kupitisha maji, yatokee hapo nje badala ya kuingia kwenye beringi, na mwenye gari apate onyo. Kutoka kwenye kitundu chetu kulishuka mstari mkavu mweupe uliochanganyika na kutu. Pampu hiyo ndiyo iliyokuwa ikitoa ile sauti ya tatu, ule mvumo.

Kosa la pampu nalibeba mwenyewe. Kwa miaka minne nilikuwa najaza rejeta maji ya kisima cha mtaa kila yalipopungua. Maji yale yana chumvi, birika letu la chai linaonyesha utando wake ndani ya wiki. Kulanti, ile dawa ya rangi inayowekwa kwenye rejeta, si rangi tu ndani ya maji. Ina dawa za kuzuia kutu na inasaidia sili ya pampu isisuguane ikiwa kavu, na pia inachelewesha kuchemka. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na maji ya sufuria hapa huchemka yakiwa kwenye nyuzi 94 au 95 hivi, si 100. Mfuniko wa rejeta wenye presha ndio unaotuokoa. Mtu wa Nairobi anayeweka maji matupu kwenye gari anajinyima ulinzi ambao anauhitaji kuliko mtu wa Mombasa.

Nilimuuliza Baba ingekuwaje kama ningelipuuza gari likaendelea. Alinionyesha kwa kidole njia ya mkanda. Beringi ya aidla ikikwama, mkanda unaungua au unaruka, na kwa dakika hiyo hiyo unapoteza chaji, unapoteza wepesi wa usukani na pampu ya maji inasimama. Injini inaweza kuchemka ndani ya dakika chache, na kichwa cha injini cha alumini kikipinda, bei yake inapita ile 45,000. Nikafikiria Outering Road saa kumi na mbili na nusu asubuhi, watoto watano nyuma, matatu zinanipita pande zote, na usukani umekuwa mzito ghafla.

Jumatatu nilienda Kirinyaga Road. Wazee bado wanaiita Grogan, na Baba hana jina jingine kwa mahali pale. Nilikuwa nimeshika puli ya aidla ndani ya mfuko wa karatasi. Ukifika pale unaitwa kutoka kila mlango, "Madam, spea gani? Gari gani?" Safari zangu za awali ningejibu "Noah" na kupewa chochote. Safari hii nilisema, "Nataka beringi, 6203, sili mbili za mpira." Namba imechorwa ubavuni mwa beringi yenyewe, ukiifuta uchafu unaisoma. 03 ya mwisho inamaanisha tundu la milimita 17. Upana wa nje ni 40 na unene ni 12, na beringi yenye namba hiyo ina vipimo hivyo popote duniani, iwe ya gari, ya pikipiki au ya mashine ya kufulia. Herufi 2RS zinazofuata namba ni hizo sili mbili za mpira. Muuzaji alinitazama tena, akaniita "mama" badala ya "madam," akatoa mbili. Ya shilingi 150 ilikuwa na mkwaruzo kidogo ndani yake nilipoizungusha. Ya 600 ilizunguka kwa uzito mtamu wa grisi mpya. Nikachukua ya 600.

Mlango wa tatu kutoka hapo kijana mwenye presi aliitoa ya zamani na kuiingiza mpya kwa shilingi 200. Nilisimama karibu kuhakikisha anaisukuma kwa ukingo wa nje. Ukiisukuma kwa tundu la katikati, nguvu yote inapita kwenye mipira, na unaweza kuharibu beringi mpya kabla haijafika kwenye gari. Alijua kazi yake, hakuhitaji kuambiwa. Pampu ya maji na gasketi yake nilinunua mpya kwa 4,500, mkanda 2,800, pamoja na kulanti. Muuzaji wa mkanda alinieleza kitu ambacho nimekishika. Mikanda ya siku hizi haitoi nyufa kama ile ya zamani, mpira wake ni wa aina nyingine. Unaweza kuukunja usione ufa hata mmoja na bado mifereji imelika. Kinachopimwa ni kina cha mfereji.

Kazi ya pampu ilikuwa juu ya uwezo wetu, mimi na mzee wa miaka 78. Nikamrudia fundi wa kwanza.

Nilienda na daftari, na puli ya aidla, na Baba. Nilimweleza bila kupandisha sauti, nikamsomea sauti zangu tatu, nikamwonyesha kitundu cha pampu. Alisikiliza mikono ikiwa nyuma. Nilipomuuliza alternata yangu ya zamani iko wapi, alisema ilikwenda na watu wa vyuma chakavu wiki iliyotangulia. Hilo liliniuma, maana ningeweza kuiuza au kuiweka. Siku hizi kila kifaa kinachotolewa kwenye gari langu narudi nacho nyumbani, hata kama ni cha kutupa.

"Mzee," akamwambia Baba, "huyu mama aliniambia kelele, na mimi nikasikia kelele pale."

"Ungemuuliza," Baba akamjibu.

"Ningemuuliza," akasema. "Ni kweli, mzee wangu. Nisamehe."

Alifunga pampu, akafunga aidla, akasafisha kila puli kwa kitambaa na kusubiri zikauke kabla ya kuweka mkanda mpya, akakataa pesa ya ufundi. Siku hizo nilipolipita gereji lake nilimwona akiwa ameegemeza bisibisi ndefu kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, juu ya Probox ya mtu.

Gari limetembea kilomita nyingine 19,000 tangu hapo. Daftari liko ndani ya kisanduku cha mbele, karibu na leseni, na Zawadi, ambaye sasa ana miaka 16, ameandika ndani yake mara mbili kwa mwandiko wake. Mara ya mwisho ni wiki iliyopita: "Jumanne, saa 12:10 asubuhi. Mvumo mwembamba AC ikiwa imezimwa. Tukiwasha AC unabadilika. Usukani hauuathiri. Taa haziuathiri." Nadhani ni beringi ya puli ya kompresa, ila bado nadhani tu. Babu yake amekwisha uliza bisibisi iko wapi, na Jumamosi tunatoa mkanda.